Mdogo wangu, ulizia mshahara wa mwezi ambao lori halitembei

Mdogo wangu wa Uthiru, barua yako nimeisoma mara mbili. Mumeo hubeba mchanga na kokoto hapa Nairobi, na jioni yuko nyumbani. Sasa dalali mmoja mwenye ofisi ya ghorofani huko tao amemwambia kutakuwa na kazi ya trela za mafuta ghafi kutoka Turkana, Sh80,000 kwa mwezi. Unaniuliza umwambie nini. Siwezi kumwamulia shemeji, lakini hesabu tunaweza kupiga pamoja.

Tuanze na hiyo 80,000. Ni mshahara mtupu, au ni mshahara na mileji? Hapo ndipo madereva wengi huumia. Tuseme msingi ni 40,000, na 40,000 nyingine ni mileji ya safari nne. Barabara ikiharibika akapiga safari mbili, mnapata 60,000. Malori yakisimama mwezi mzima, mnabaki na 40,000, na bado hamjakatwa NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba. Mwenye nyumba hatauliza kama lori lilitembea. Karo ya watoto pia haingoji.

Na malori haya yamewahi kusimama. Rais Uhuru Kenyatta alizindua safari za kwanza za mafuta hayo, za mradi wa majaribio, tarehe 3 Juni 2018. Mwezi huo haujaisha, wakazi wa Turkana wakafunga barabara wakidai usalama, na safari zikarejea Agosti. Mwaka uliofuata, mwezi huohuo wa Agosti, mapipa 200,000 ya kwanza yaliuzwa nje kupitia Mombasa na nchi ikafurahi sana. Kufikia mwisho wa 2019 mvua ilikuwa imeharibu barabara na malori yamesimama tena, na mwaka 2020 mradi ule wa majaribio ukafika mwisho. Sasa kampuni ya Tullow, iliyokuwa na mafuta hayo, imeuzia kampuni ya Gulf Energy visima vyake, mwaka 2025, na matumaini yamerudi. Mimi pia natamani kazi hizo zije, vijana wetu wanazihitaji. Ila mwambie shemeji apiganie msingi kwanza. Bora 60,000 ya msingi na mileji kidogo kuliko 80,000 inayotegemea mvua kwenye barabara ya Kainuk.

Kisha uliza atalala wapi. Kutoka Lokichar, huko Turkana, hadi Changamwe, Mombasa, ni zaidi ya kilomita 1,000: Kainuk, Kitale, Eldoret, Nakuru, halafu Nairobi na Mombasa Road yote. Usidhani atateremka Uthiru anywe chai na watoto. Mafuta yale yana nta, hubebwa kwenye matangi maalumu yasipoe yakaganda, na trela la mafuta haliegeshwi mtaani kama lori la mchanga. Atapita karibu na mlango wako, na wewe utamsikia kwa simu tu.

Posho ya malazi ikiwa ndogo, unajua atakachofanya: atalala kabini, madirisha juu kwa hofu ya wezi, joto la Turkana likimchemsha, ili hiyo posho aitume nyumbani kwa M-Pesa. Asubuhi anashika usukani macho mekundu. Mdogo wangu, pesa hiyo ikifika kwenye simu yako, muulize amelala wapi. Na huko Lokichar kwenyewe aulize mapema: kuna kambi yenye maji na choo, au kila dereva anajitafutia chumba? Chakula ni cha kampuni au kinakatwa kwenye mshahara?

Kuna jambo lingine nalisema kwa uchungu. Barabara hiyohiyo inapita Sachang'wan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Kwa hiyo shemeji aulize ni nani atamfundisha kubeba mzigo unaowaka, na aonyeshwe bima ya ajali kazini. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha kazini inamtaka mwajiri awe nayo.

Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo nayo iko upande wenu. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Anastahili siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Mwajiri ampe nyumba inayofaa, au amlipe pesa ya kodi juu ya mshahara. Aangalie pia mkataba unasema kituo chake cha kazi ni wapi, maana kima cha chini cha mshahara wa Nairobi ni cha juu kuliko cha mashambani.

Huyo dalali akidai ada ya usajili, au akisema shemeji atausoma mkataba akifika Lokichar, ondokeni. Mawakala wa ajira husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ulizeni huko kama jina lake lipo kabla ya kumpa hata nakala ya leseni.

Kwa sasa asiache lori la mchanga. Mkataba ukija, usomeni nyote wawili mezani, na kama msingi peke yake haulipi kodi, karo na chakula, shemeji asitie sahihi.