Nani Kashinda Ngoma? Somo la Takwimu kwa Wanaokwenda TP Simiyu

Ukipangiwa TP Bariadi na mada ya takwimu ikakuangukia, achana na urefu wa wanafunzi na bei ya nyanya. Anza na ngoma. Usukumani kila mtoto anajua ubishi wa Wagika na Wagalu, pande mbili za wachezaji zinazofuata majina ya waganga wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wanapokutana, kama kwenye Bulabo pale Bujora, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Ndiyo maana wengine huja na nyoka.

Njia hiyo ina akili yake: haihitaji jaji. Ila inakwambia tu nani kamshinda nani leo. Haikwambii kama wachezaji wa mwaka huu ni wazuri kuliko wa mwaka jana, maana umati hutegemea pia mvua na bei ya pamba.

Shuleni tunaweka majaji, na hapo ndipo kasheshe huanza. Tuseme majaji watano wamelipa kundi A alama 9, 8, 8, 7 na 2. Kundi B limepata 8, 7, 7, 7 na 7. Wastani wa A ni 6.8, wa B ni 7.2. B kashinda. Lakini yule wa 2 ni nani? Darasa lote litacheka, kwa sababu kila mmoja anamjua mjomba wa namna hiyo. Sasa ondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa kila kundi. A anapata 7.67, B anapata 7. Mshindi kageuka! Waache wabishane kwanza kabla hujaeleza.

Hesabu hiyo hiyo hutumika kwenye mchezo ambao Simiyu hatutauona karibuni, wa kucheza kwa kuteleza kwenye barafu. Zamani majaji walitoa alama hadi 6.0, na kilichoamua ni nani kila jaji kamweka juu ya nani. Kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, 2002, Warusi wawili waliwashinda Wakanada kwa majaji 5 dhidi ya 4. Zogo likazuka kwamba jaji wa Ufaransa alishinikizwa, na Wakanada nao wakapewa dhahabu. Mwaka 2004 shirikisho la dunia likapitisha mfumo mpya: kila mruko na mzunguko una thamani yake, majaji huongeza au kupunguza, kisha alama ya juu na ya chini hutupwa.

Mfumo mpya nao ukaleta swali lake. Yuzuru Hanyu wa Japani alipata 330.43 mwaka 2015. Nathan Chen wa Marekani akapata 335.30 mwaka 2019. Je, Chen ni bora? Huwezi kusema hivyo kwa namba hizo pekee. Mwaka 2018 kipimo cha ubora wa kila kipengele kilitoka kati ya -3 na +3 kikawa kati ya -5 na +5, na shirikisho likaanza kuhesabu rekodi upya. Ukitaka kuwalinganisha, angalia kila mmoja aliwazidi kiasi gani washindani wake wa msimu ule ule.

Kwetu hii si habari ya barafu. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitoka kwa GPA, kukawa na Distinksheni na Meriti. Ya 2015 yakarudi kwenye divisheni. Kwenye ofisi za walimu kuna grafu ukutani zenye mstari mmoja unaopita miaka yote hiyo bila hata alama ya kuonyesha mabadiliko, na mwalimu anaitwa kujieleza kwa nini mstari umeshuka. Mwalimu huyo kesho ni mimi na wewe. Kwa hiyo ukiombwa uichore, kata mstari pale kipimo kilipobadilika, andika mwaka, halafu anza mstari mwingine.