Kambi ya Sayansi na Uongozi kwa Wahitimu wa Kidato cha Sita: Somo la Kashasha

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo ya kusubiri, baadhi ya wahitimu huenda katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wengine hurudi nyumbani kusaidia kazi za kibanja. Ni kipindi kinachofaa kwa kambi fupi ya sayansi na uongozi, hasa kwa vijana wenye vipaji wanaotarajia kusomea udaktari, uuguzi, famasia au maabara. Mkoa wa Kagera, wenye shule kongwe kama Ihungo na Rugambwa, hauna upungufu wa vijana wa aina hiyo.

Swali ni kambi ifundishe nini. Mara nyingi sayansi hufundishwa kwa majaribio ya maabara, na uongozi kwa hotuba, kana kwamba ni mambo mawili yasiyokutana. Historia ya afya ya Bukoba na Muleba inaonyesha kuwa hukutana, tena kwa uzito mkubwa, pale ugonjwa usiojulikana unapowaingia watu wengi kwa pamoja. Makala haya yanaeleza matukio mawili ya aina hiyo yanayoweza kutumika kama somo la kambi. Yanamhusu pia mhudumu wa afya, kwa kuwa ndiye anayeitwa kwanza vijana wanapougua bwenini.

Tukio la kwanza: Kashasha, 1962

Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, ambako leo ni Wilaya ya Muleba, walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko kilifuatwa na kilio, wasiwasi na kuhangaika, na baadhi walipambana na waliojaribu kuwashika. Hali hiyo iliweza kumkaa mtu kwa saa chache tu au hadi siku 16. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hawakuguswa.

Wasichana walirudishwa makwao. Katika kijiji cha Nshamba, ambako baadhi yao walitoka, watu 217 walipatwa na hali hiyo mwezi Aprili na Mei, wengi wao wakiwa vijana na watoto wa shule. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wanafunzi 57 wakapatwa, nayo ikafungwa kwa mara ya pili. Mwezi Juni, katika shule ya wasichana ya Ramashenye karibu na Bukoba, wanafunzi 48 kati ya 154 walipatwa.

Madaktari Rankin na Philip walichunguza tukio hilo na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakachunguza pia chakula kilichoshukiwa. Hawakupata kimelea wala sumu. Hakuna aliyefariki. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ni histeria ya kundi.

Neno hilo lahitaji maelezo. Histeria ya kundi haina maana kwamba wagonjwa wanaigiza, wala kwamba wana wazimu. Ni dalili za kweli za mwili zinazotokana na msongo mkubwa wa mawazo, na huenea kwa kuona na kusikia miongoni mwa watu wanaoishi pamoja chini ya shinikizo moja. Msichana wa Kashasha hakuwa na furaha. Kicheko chake kilikuwa dalili, kama vile kutetemeka au kuzimia. Katika shule za leo dalili zinazoonekana zaidi ni kuanguka, kupiga mayowe, kupumua kwa kasi na ganzi ya vidole, na mara nyingi jamii huziita mapepo.

Tukio la pili: Bukoba, 2023

Katikati ya Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Wilaya ya Bukoba, watu waliugua homa, kutapika na kutokwa na damu, na baadhi wakafariki. Kwa siku chache ugonjwa huo nao uliitwa usiojulikana. Vipimo vya maabara vilionyesha virusi vya Marburg, na tarehe 21 Machi serikali ikatangaza mlipuko, wa kwanza wa ugonjwa huo nchini. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, wagonjwa tisa walikuwa wameorodheshwa, wanane wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na mmoja akidhaniwa kuwa nao. Sita kati yao walifariki. Waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, ambazo ndizo muda mrefu zaidi wa virusi hivyo kujificha mwilini kabla ya dalili kujitokeza.

Matukio haya yakiwekwa pamoja, kijana anaona kwa nini jibu la haraka ni hatari. Anayeiona Marburg na kusema ni hofu tu huwaachia virusi njia. Naye anayeiona histeria ya kundi na kulitangaza kuwa ni janga huongeza hofu, na hofu ndiyo inayoulisha ugonjwa huo. Msaada kwa wote wawili ni utaratibu.

Hatua za mhudumu anapoitwa bwenini

Kwanza, atafute dalili za hatari: homa, kutokwa na damu, shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa, kutapika au kuhara kusikokoma, au kifo chochote. Ikiwapo hata moja, avae vifaa vya kujikinga, amtenge mgonjwa, na atoe taarifa mara moja kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mwananchi anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.

Pili, achunguze mazingira. Je, waliougua walikula chakula kimoja? Je, kulikuwa na jiko la mkaa ndani ya bweni lililofungwa? Hewa ya mkaa huua, na huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu kwa watu wengi kwa wakati mmoja.

Tatu, aandike orodha: nani aliugua, saa ngapi, alikuwa wapi, alimwona nani kabla yake. Histeria ya kundi hufuata mara nyingi mstari wa macho na urafiki. Sumu hufuata sahani, na maambukizi hufuata mgusano.

Nne, dalili za hatari zisipokuwapo, na uchunguzi wa msingi usipoonyesha ugonjwa, awatenganishe waliopatwa na watazamaji, awapeleke mahali patulivu, na awaambie kwa upole kwamba wamechunguzwa na watapona. Kurudia vipimo bila sababu huwapa ujumbe kwamba kuna jambo linalofichwa.

Tano, asikilize. Chanzo cha msongo huweza kuwa mtihani, adhabu kali, njaa, msiba, au unyanyasaji ambao hakuna aliyethubutu kuutaja. Mwanafunzi azungumze faraghani na mtu anayemwamini. Kuwatuliza vijana bila kugusa chanzo ni kusubiri tukio lijirudie.

Wajibu wa kiongozi na mzazi

Hapa ndipo uongozi unapoanza. Kiranja wa kambi, matroni au mkuu wa shule hatibu, lakini maneno yake huamua hofu itapanda au itashuka. Aseme kinachojulikana, aseme kinachoendelea kuchunguzwa, na asimtaje mgonjwa kwa jina mbele ya wenzake. Azuie upigaji wa picha. Asiruhusu yeyote kutajwa kuwa mchawi, kwa kuwa tuhuma hiyo imewahi kugharimu maisha ya watu katika Kanda ya Ziwa.

Mzazi anayempokea binti yake asimuulize kwa nini anajifanya. Ampe chakula, usingizi na utulivu, na ampeleke kituo cha afya homa ikijitokeza au dalili zikiendelea. Ibada na maombi ya familia si kikwazo, ilimradi hayamcheleweshi mgonjwa kufika kwa mtabibu, wala hayaambatani na kumfunga au kumpiga.

Maswali ya majadiliano

1. Shule ya Kashasha ilifungwa na wanafunzi wakarudishwa nyumbani. Uamuzi huo ulileta faida gani na madhara gani Nshamba?

2. Kwa nini kutoguswa kwa walimu kulikuwa taarifa muhimu kwa wachunguzi?

3. Wanakambi 12 wameanguka usiku mmoja, na mmoja wao ana homa. Taja mambo matatu utakayoyafanya katika saa ya kwanza, kwa mpangilio, na ueleze sababu ya kila moja.

4. Andika tangazo la sentensi tano kwa wazazi wa wanakambi hao. Lisifiche ukweli, wala lisizidishe hofu.