MSAMIATI WA SHAMBA KAMA HIFADHI YA HISTORIA: MFANO WA KABAZI NA BONDE LA SUBUKIA

Utangulizi

Msafiri atokaye mjini Nakuru kuelekea Nyahururu hupanda kwanza miinuko ya Bahati, kisha barabara humteremsha katika bonde la Subukia, na mbele yake husimama ukuta wa milima unaolitenga bonde hilo na uwanda wa Laikipia. Kabazi imo katika eneo hili. Ni mojawapo ya wadi tatu za eneo bunge la Subukia, pamoja na Waseges na Subukia yenyewe, katika Kaunti ya Nakuru.

Historia ya kale ya sehemu hizi imepata walinzi wake. Karibu na mji wa Nakuru kipo kilima cha Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua mabaki ya makazi ya kale kuanzia mwaka wa 1937, na leo pana makumbusho. Hata ardhi yenyewe imehifadhi kumbukumbu zake: tetemeko la tarehe 6 Januari 1928, lililokuwa miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa kunakiliwa nchini Kenya, liliupasua uso wa nchi kwa zaidi ya kilomita 30 chini ya milima hiyo, na wanajiolojia wameuchunguza ufa huo kwa makini. Ila watu walioilima ardhi hiyo wakati wa ukoloni hawakujengewa makumbusho. Nyumba zao zilikuwa za udongo na nyasi, nazo zilibomolewa kila walipofukuzwa. Makala haya yanashikilia kwamba hifadhi yao iko katika lugha, na hasa katika maneno machache ya Kiswahili ambayo mwanafunzi wa isimu hukutana nayo kila siku bila kuyauliza yametoka wapi.

Majina yaliyobaki

Kabla ya ujio wa walowezi, eneo hili lilikuwa malisho ya Wamaasai, na majina yanashuhudia. Nakuru, Naivasha na Nyahururu yote yana asili ya Kimaa, na jina Subukia huhusishwa na neno la lugha hiyo osupuko, yaani nyanda za juu zenye baridi na misitu. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Kwa mkataba wa mwaka wa 1904, Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa la kati, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Na mkataba wa 1911 ukawaondoa hata huko Laikipia. Ardhi iliyoachwa wazi iligawiwa walowezi, na Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka wa 1915 ikawaruhusu kuimiliki kwa muda wa miaka 999. Wenye majina walikwenda, majina yakabaki. Jambo hili litajirudia, lakini kwa lugha nyingine.

Kutoka msafarani hadi shambani

Mlowezi alikuwa na ardhi kubwa kuliko mikono yake. Wafanyakazi walitoka hasa Kiambu na sehemu nyingine za Ugikuyu, na wengine miongoni mwa jamii za Wakalenjin waliokuwa majirani. Waliitwa skwota. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 1918, skwota alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi kwa muda usiopungua siku 180 kwa mwaka. Naye aliruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kulisha mifugo yake shambani humo.

Lugha ya kuendeshea kazi hiyo ilikuwa Kiswahili, au tuseme ile aina yake iliyoitwa Kisetla, iliyojaa amri na kupungukiwa na upatanisho wa kisarufi. Wataalamu wengi wameicheka lahaja hiyo kwa makosa yake. Kicheko hicho kimeficha jambo lenye uzito zaidi: msamiati wa shamba ulikuwa umekwisha kuundwa kabla mlowezi hajafika, katika misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda bara. Nyapara alikuwa msimamizi wa wapagazi msafarani. Milimani akawa msimamizi wa vibarua, na Wagikuyu wakamtohoa wakamwita nyabara. Posho ilikuwa riziki aliyopimiwa mpagazi njiani. Shambani ikawa unga wa mahindi aliopimiwa mfanyakazi, na hadi leo kinu cha kusaga mahindi nchini Kenya huitwa kinu cha posho. Uhusiano wa kazi ulisafiri pamoja na maneno yake. Mpagazi hakuwa na shamba pale alipopita, na skwota naye hakutarajiwa kuwa nalo pale alipokaa.

Neno kipande lina habari yake. Katika matumizi ya kawaida ni sehemu ndogo ya kitu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, likawa jina la hati ambayo kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kuibeba, yenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake. Ilitiwa ndani ya kibweta cha chuma na kuvaliwa shingoni. Wagikuyu walikiita kibweta hicho mbugi, yaani kengele afungwayo mbuzi. Hapa lugha mbili zimegawana kazi: Kiswahili kinataja hati kama serikali ilivyoitaja, na Kigikuyu kinataja hali ya aliyeivaa.

Kifagio

Kiswahili nacho kiliweza kusema kwa niaba ya mfanyakazi, na ushahidi wake ni neno kifagio. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau kilichochapishwa mwaka wa 1987, anaeleza kwamba hili ndilo jina walilolipa zoezi la kupunguza na kuondoa mifugo yao mashambani katika miaka ya 1920. Walowezi waliogopa kwamba ng'ombe wa skwota wangeleta magonjwa kwa mifugo yao ya kigeni. Waliogopa pia, na pengine zaidi, kwamba mtu mwenye mifugo mingi hana haja kubwa ya kuuza jasho lake. Mbuzi na ng'ombe waliuzwa kwa bei ya kutupa, au wenyewe wakaondoka nao kurudi katika maeneo waliyotengewa, ambako hapakuwa na nafasi.

Kimofolojia, neno hili limejengwa juu ya mzizi wa kitenzi fagia, na kiambishi ki- kikaleta dhana ya udogo. Kinaya chake ni kikali: chombo kidogo cha nyumbani, kilichozoeleka mikononi mwa mtumishi, kinabeba maana ya kufilisiwa kwa familia nzima. Tena anayefagia huona uchafu mbele yake. Maskwota waliochagua jina hilo walikuwa wametambua jinsi walivyotazamwa, wakaligeuza jicho hilo kuwa shutuma.

Ufagiaji haukuishia hapo. Sheria ya mwaka wa 1937, iliyoanza kutekelezwa mwaka wa 1940, ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kupunguza zaidi mifugo na kuongeza siku za kazi hadi 270. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, makumi ya maelfu ya Wagikuyu waliondolewa Bonde la Ufa na kurudishwa Mkoa wa Kati, wengi wakiwa wamezaliwa mashambani na hawajapata kuuona huo mkoa walioambiwa ni kwao.

Kutoka shea hadi madoadoa

Uhuru ulileta msamiati mpya: skimu, ploti, shea. Mpango wa kuwagawia Waafrika ekari milioni moja ulianza mwaka wa 1962, na katika miaka ya 1970 kampuni za kununua ardhi, miongoni mwazo Ngwataniro, zilikusanya akiba za watu wadogo wilayani Nakuru ili kununua mashamba makubwa na kuyagawa. Si mashamba yote yaliyogawanywa. Huko Solai, jirani na Kabazi, shamba kubwa la kahawa lilibaki, na bwawa lake lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 watu zaidi ya 40 walikufa. Neno shamba, kwa hiyo, bado lina maana mbili zinazokaa bega kwa bega: ekari chache za mtu na maelfu ya mwingine.

Kisha likaja neno ambalo haliwezi kurukwa. Wakati wa mapigano ya kikabila ya mwaka wa 1992, wakazi wa Bonde la Ufa waliohesabiwa kuwa wageni waliitwa madoadoa, na neno hilo likasikika tena katika machafuko ya 2007 na 2008, ambayo yaliwafanya wengi kukimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mwezi wa Aprili 2022, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki.

Doa huondolewa. Neno hili ni la uga uleule wa kisemantiki na kifagio, uga wa usafi, ila msemaji amebadilika. Katika miaka ya 1920 sitiari hii ilitoka kinywani mwa aliyefagiwa. Miaka 70 baadaye ilitoka kinywani mwa mwenye ufagio. Kamusi za Kiswahili hufasili kifagio kuwa ufagio mdogo na madoadoa kuwa alama nyinginyingi za rangi, na hufunga ukurasa. Fasili hizo si za uongo, lakini mwanafunzi wa Kabazi anayezisoma hataiona humo historia ya babu yake, wala hataelewa kwa nini neno la pili lilimfanya mama yake kufunga virago usiku.

Walioshuhudia kifagio cha miaka ya 1920 wakiwa watu wazima wamekwisha kufariki wote. Waliofukuzwa mwaka wa 1952 wakiwa watoto wa miaka kumi sasa wamepita miaka 80, na baadhi yao wangali wanaweza kusema maneno haya yalitamkwa na nani, kwa sauti gani, na jibu lilikuwa nini.