"Subiri bosi" inanifukuzia wateja

*Nasimamia duka la vifaa vya ujenzi. Nikitoka, mteja akirudisha koki inayovuja anaambiwa, "Subiri bosi." Wateja wanahamia duka la jirani. Niwafukuze wahudumu?*
*Msimamizi, Morogoro*

Jibu: Usiwafukuze, ndugu msimamizi. Mara nyingi "subiri bosi" si uvivu, ni woga. Aliyewahi kukatwa mshahara kwa bidhaa iliyorudishwa hathubutu kuamua tena.

Wape mamlaka yenye mpaka. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kutatua tatizo la mgeni mmoja bila kuomba kibali. Wewe anza na kiasi unachokimudu, tuseme shilingi 20,000: koki mbovu yenye risiti ibadilishwe papo hapo, iandikwe daftarini. Jioni lipitieni pamoja daftari hilo. Aliyekosea mwelekeze faraghani, si mbele ya mteja.

Bidhaa ileile ikirudi mara kwa mara, mbane anayekuuzia kwa jumla. Na kabla ya kugusa mshahara wa mtu, muone afisa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka masharti ya makato.

Kiasi utakachowaruhusu kutumia bila kukuuliza watangazie wahudumu wote wiki hii, nawe usikibatilishe.