Kupanga Safari ya Komoro: Anza na Mwali

Wengi wakisikia Komoro wanawaza Moroni na mlima Karthala, basi. Mimi nilitaka Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu, na ndicho kilichonifundisha kupanga safari.

Kosa langu: nilihesabu siku kama mtu anayepanda basi. Ngazidja siku nne, Mwali tatu, kurudi Moroni, ndege ya Dar, halafu Jumatatu mtihani wa sapu. Hesabu safi kabisa, kwenye karatasi. Pale Hoani kusi ikavuma, boti ya kwenda Chindini haikutoka siku mbili, na nahodha akawa ananiambia tu, "Subiri, mdogo wangu." Niliingia chumba cha mtihani na mchanga kwenye viatu, sijasoma hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo wewe fanya kinyume. Ukishuka Moroni, vuka kwenda Mwali mapema, ukiwa bado na siku mkononi. Ngazidja, penye ndege yako, iwe ya mwisho. Acha siku mbili tupu kwa ajili ya bahari. Novemba hadi Aprili ni mvua, na vimbunga hutokea, mimi nisingeenda. Beba yuro taslimu, maana faranga yao imefungwa kwenye yuro. Kiswahili kitakusaidia nusu tu: Shikomori ni ndugu, si pacha.

Na ukifika Itsamia usiku, zima tochi. Kasa wanapanda ufukweni kutaga, na ukiwamulika wanaweza kugeuka kurudi majini.