Nzi Aliyeitwa Mbumbumbu

Kwenye mazoezi ya kufundisha, skuli moja ya shamba, nilimwandika mtoto "mzito" kwa jaribio la dakika kumi tu. Nimekuja kujuta kwa sababu ya nzi.

Vile vidogo vyenye macho mekundu, vinavyozunguka ndizi zilizoiva pale Darajani. Maabara wanavifundisha: harufu moja inakuja na shoti ya umeme, nyengine haina kitu, kisha nzi anaachiwa achague. Mwaka 1976 watu wa Seymour Benzer, Marekani, walimtangaza nzi mwenye jeni moja iliyoharibika. Harufu ananusa, shoti anaihisi, somo haliingii. Wakampa jina la mbumbumbu wa darasa. Kumbe walimuonea: alipokuja kupimwa mara tu baada ya somo, alikuwa amejifunza, ila anasahau haraka mno.

Kuna jeni nyengine, hii wala si ugonjwa, ina sura mbili za kawaida. Nzi wa sura ya kwanza huzurura kutafuta chakula, wa pili hutulia alipo. Utafiti wa 2007 ulionesha wazururaji wanashinda kwenye kumbukumbu ya muda mfupi, watulivu kwenye ya muda mrefu. Sasa wa kwanza darasani ni nani? Inategemea mtihani umeuweka leo au kesho.

Najua, mtoto si nzi, na akili ya mtu haikai kwenye jeni moja. Lakini yule wangu sikumpima tena kesho yake. Niliandika, nikapanda daladala, nikarudi mjini.