Trekta na visiki vya Kongwa

SWALI: Msomaji wa wilaya ya Kongwa anauliza iwapo akodi trekta na kung'oa visiki vyote shambani ili naye alime kisasa.

JIBU: Trekta halina kosa, ila Kongwa ina historia nalo. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha hapo mradi wa karanga, ikikusudia kulima zaidi ya hekta milioni 1 Tanganyika na nchi jirani. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikagoma kung'oka. Udongo wa mfinyanzi, ukishapigwa na jua la kiangazi, ukawa mgumu kama saruji: majembe yalichakaa upesi, karanga zikakwama ardhini. Mvua nayo haba. Mradi ulifutwa 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na sehemu ya ardhi ikaishia kuwa ranchi ya ng'ombe. Wagogo wa huko, wafugaji tangu enzi, wangewashauri Waingereza hivyo bure.

Visiki, basi, asiving'oe vyote. LEAD Foundation ya Mpwapwa hueneza njia iitwayo Kisiki Hai: mkulima huchagua kisiki kinachochipua, hubakiza machipukizi machache yaliyonyooka, hukata mengine, hufunga kitambaa cha alama, kisha hukilinda na mifugo. Mti hukua bila kumwagiliwa, kwa kuwa mizizi yake imekwisha kufika chini.

Na trekta? Akodi lenye jembe la kupasulia mistari ya kupandia tu, lisilogeuza udongo wote. Maksai pia huiweza kazi hiyo. Kisha apande mtama au uwele kabla ya kufikiria mahindi.